Grafu yako ya kwanza: maswali kutoka Moshi na Arusha

Maswali ya leo yanatoka kwa watu wanaoanza kuchora grafu kwa kompyuta. Wengi mnauliza kuhusu programu. Mimi nitawarudisha kwenye jedwali kila nikipata nafasi, maana grafu nyingi huharibikia huko kabla hata hazijachorwa.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Majengo, Moshi. Michango yote nimeiingiza kwenye Excel, lakini nikichora grafu hakuna nguzo hata moja. Kompyuta ni mbovu?

Marahaba. Kompyuta yako ni nzima. Bila shaka umeandika «20,000/=» au «Sh 20,000», kama tunavyoandika kwenye daftari. Kwako hizo ni hela, ila kwa Excel ni maneno, na maneno hayana urefu wa kuchorwa. Tazama seli zako, yaani visanduku vya jedwali: usipozipanga mwenyewe, namba hukaa upande wa kulia, maneno hukaa kushoto. Jumlisha safu ya michango kwa fomula ya SUM. Ikikupa sifuri, tatizo ni hilo.

Andika 20000 tu, na neno «Shilingi» liwe kwenye kichwa cha safu. Kama umeshajaza mistari mingi, usirudie mmoja mmoja. Chagua seli za namba tu, bila kichwa cha safu, bonyeza Ctrl na H, tafuta «/=», na sehemu ya kubadilishia iache tupu. Fanya vivyo hivyo kwa «Sh». Na tarehe pia zichunge: 3/4 inaweza kusomwa Aprili au Machi, kutegemea kompyuta ilivyopangwa. Ukiandika 2025-04-03, mwaka ukitangulia, utata unakwisha.

Niko chuo, naishi Njiro. Sina hela ya kununua Excel. Nitumie nini?

LibreOffice Calc ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaisakinisha. Google Sheets nayo ni bure, na inafunguka hata kwenye simu. Tableau Public, programu nyingine ya kuchora grafu, ni nzuri sana kwa macho, lakini imetengenezwa kwa ajili ya kazi za kuonyeshwa hadharani, kwa hiyo majina ya watu na madeni yao yasifike huko kamwe. Anza na Calc. Mambo ya msingi ni yaleyale kote.

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, Uru. Nina bei ya kilo moja kwa misimu kumi, pamoja na kilo zilizoletwa na kila kijiji. Nichore grafu ya duara?

Hapana, katibu. Bei inayobadilika msimu hadi msimu ni kazi ya mstari: mwanachama atauona ukipanda na kushuka bila kuelezwa. Kilo za vijiji zichore kwa nguzo, na uzipange kutoka kubwa hadi ndogo, si kwa alfabeti.

Aina zote hizi ni za zamani. Mskoti William Playfair alichapisha grafu za mistari na nguzo mwaka 1786, na duara mwaka 1801. Mwaka 1984 wanatakwimu William Cleveland na Robert McGill walipima jinsi watu wanavyosoma grafu, wakaona kwamba jicho hulinganisha urefu kwa usahihi zaidi kuliko pembe. Ndiyo maana duara lenye vipande vinane linamchosha mtu. Litumie pale tu unapoonyesha sehemu za kitu kizima, vipande viwili au vitatu.

Jambo moja litakusumbua: Excel inaweza kuichukua safu ya miaka kama data na kuichorea mstari wake. Futa neno «Mwaka» kwenye seli ya juu kushoto kabla ya kuchora, kisha liandike tena baadaye.

Nafanya kazi kampuni ya utalii, Arusha. Nimechora urefu wa Kilimanjaro na Meru, bosi anasema grafu inadanganya. Namba zote ni sahihi!

Bosi wako ana haki. Kilimanjaro ni mita 5,895, Meru ni zaidi kidogo ya mita 4,560. Kwenye grafu uliyotuma, mhimili wa wima, ule mstari wa namba uliosimama pembeni, unaanzia 4,000. Basi Meru imebaki na nguzo ya mita mia tano na ushee, Kilimanjaro karibu 1,900, na mgeni anaona mlima mmoja umeuzidi mwingine zaidi ya mara tatu. Ukweli ni kwamba Kilimanjaro haifikii hata mara moja na nusu ya Meru. Namba zako ni sahihi, picha si sahihi, na watu hukumbuka picha. Bofya mara mbili mhimili huo, na kwenye «Minimum» weka 0. Nguzo lazima zianzie sifuri. Mstari unaweza kuanzia juu zaidi, mradi namba za mhimili zisomeke wazi.

Mwalimu wa sekondari, Moshi: grafu zangu zina rangi nzuri, zikitolewa fotokopi hazisomeki.

Andika jina la kila mstari pembeni mwa mstari wenyewe, kisha ufute kile kisanduku kinachoeleza maana ya rangi. Kinachojadiliwa kiwe cheusi, vingine kijivu. Acha kabisa nguzo za 3D. Kichwa kiseme jambo lenyewe, kwa mfano «Mahudhurio hushuka wakati wa masika», na chini yake uandike kipimo na mahali namba zilipotoka.