Viti Vitupu Wakati Kombe Linanukia

SWALI: Bi Mkubwa, asalaam aleikum. Mwanangu yuko Florida, kanitumia picha za besiboli: timu inawania kombe, viti vitupu! Huku Gombani siku ya fainali hata pa kusimama hupati. Wamarekani wamechoka na mchezo wao? – Baba Salma, Wete

JIBU: Waaleikumu salaam, kaka yangu. Hawajachoka. Kwa kuwa ni Florida, nakisia ni Tampa Bay Rays. Oktoba 3, 2023 walianza mtoano na Texas Rangers mbele ya watu 19,704. Ukiuacha mwaka wa korona, mtoano haujapata watu wachache hivyo tangu 1919. Na siku yenyewe Jumanne, saa tisa mchana! Mtu wa Nungwi afike Amaan saa hiyo, kazini kaaga vipi? Tena uwanja wao hauko Tampa; uko St. Petersburg, ng'ambo ya ghuba, mpaka uvuke daraja na foleni zake.

Jengine, kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, 81 nyumbani. Mfuko gani huo? Televisheni iko sebuleni.

Mie lawama nawapa waliopanga saa. Rays wenyewe walilala 4-0, kesho yake wakatolewa.