Kwa mnaoanza ganuni mkiwa watu wazima

Mwezi mzima huu nimekuwa nikikaa nyuma ya darasa la jioni nikiwatazama, na ulimi umeniwasha. Nawapenda nyinyi. Mnatoka kazini mmechoka, mwengine bado yumo ndani ya sare ya benki, mwengine kamwacha mtoto kwa bibi yake, na mnakuja kukaa mbele ya ganuni, ala ya taarabu ya kulazwa na kudonolewa, yenye nyuzi 78. Hilo peke yake linanitosha kuwaheshimu. Lakini makosa ninayoyaona ni yale yale ya waliowatangulia na ya waliowatangulia hao, na baadhi yake yana dawa ya siku moja. Nimeona niyaandike kabla Mfunguo Mosi haujaingia na harusi zake, kwa sababu zikishaanza hakuna atakayekuwa na nafasi ya kumsikiliza mwenzake.

1. Simu ikae mkobani unapotyuni.

Programu iliyomo humo inajua sauti 12 tu, zile za piano. Unapiga uzi wa mi (sauti ya tatu ya do, re, mi), inakuonesha kijani, unafurahi, unahamia uzi unaofuata. Kisha tunaanza wimbo wa Rasti, moja ya makamu zetu, yaani ngazi za sauti tunazojengea nyimbo, na mi yako inagombana na fidla zote. Mi ya Rasti iko chini ya mi ya piano na juu ya mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu sauti), pale katikati ambapo simu yako haina jina la kupaita. Sauti ya saba ya Rasti, ile iitwayo si, hali kadhalika, na makamu ya Sika inaanzia kwenye mi hiyo hiyo ya katikati. Ndiyo maana ganuni ikawekewa vile vibati vidogo vya chuma upande wa kushoto, karibu na vigingi, tunavyoviinua na kuvilaza tukihama makamu. Chukua kwenye simu sauti moja ya kuanzia, basi, uifunge. Zilizobaki zitafute kwa sikio: oktava kwa oktava, na zile nyuzi tatu za kila sauti mpaka ziseme kitu kimoja.

Na msinambie sikio hamna. Wengi wenu mmelelewa na adhana. Mmekaa chuoni mkimsikiliza maalim akisoma Kurani kwa makamu ya Bayati, hata kama hakuna aliyewatajia jina hilo, na mmekwenda maulidini tangu mkibebwa. Ile sauti ya katikati mnaijua kuliko mnavyodhani. Kilichobaki ni kuitambua pale kidole kinapoigusa.

2. Fika mapema, kwa sababu ngozi iliyo chini ya daraja la nyuzi ikinywa unyevu wa bahari hulegea na sauti zote hushuka nayo.

3. Usiitikie "ndiyo" kama hujasikia.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Juzi mwalimu wenu alimpigia mmoja wenu Bayati, akamuuliza, "Umeisikia?" Akajibu, "Ndiyo, ustadhi." Nilimtazama usoni nikajua hakuisikia. Uso ule naujua vizuri, niliuvaa mwaka mzima.

Nilianza ganuni nikikaribia miaka arobaini. Nilikuwa mwalimu wa hesabu wa skuli ya sekondari na mama wa watoto wawili. Kazini mimi ndiye niliyeulizwa maswali, na kukaa tena upande wa muulizaji kulikuwa kuzito kwangu kuliko nilivyotaka kukiri. Ustadhi wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mzee mpole. Alifundisha kwa kupiga: anapiga, unasikiliza, unampigia, anatikisa kichwa, anapiga tena. Noti hakuandika hata moja. Siku aliyotaka nijue tofauti ya Rasti na Ajam akazipiga zote mbili, moja baada ya nyengine, polepole, akanitazama. Kwangu zilikuwa kitu kimoja. Nikamwambia nimesikia. Akafurahi, tukasonga mbele.

Toka hapo kila somo likajengwa juu ya ile ndiyo. Alipofika Sika nikasema ndiyo, alipofika Huzamu nikasema ndiyo. Nilikuwa nikikariri kibati kipi kiinuliwe kwa wimbo upi. Nilikuwa na daftari, nyuma ya alama za wanafunzi wangu, nimeandika: wimbo fulani, cha tatu juu, cha saba chini. Asiyejua angeniona nimeendelea sana. Nilipiga nyimbo nyingi kwa daftari lile, na wenzangu klabuni walinisifu.

Kisha ikaja harusi moja ya mjini. Mpigaji wetu mkubwa alikuwa na homa, nikapewa kiti chake. Tulifungua na bashrafu, kipande cha ala tupu bila ya kuimba, ikaenda vizuri, na wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ulikuwa wa makamu ya Hijazi. Aliyeuimba ni mama mmoja mkubwa wa klabu yetu, mwenye sauti nzito na kifua kipana, na kwenye ubeti wa pili akaamua kuteremka kwa Bayati. Ilikuwa haki yake. Waimbaji wakubwa hufanya hivyo wakiona ukumbi umewapokea. Fidla zikamfuata pale pale, nai, filimbi yetu, ikamfuata, kwa sababu walikuwa wakimsikiliza. Alipomaliza ubeti wakanyamaza wote ili ganuni ipige taksimu fupi, yaani kipande cha kubuni papo hapo, kabla ya kumrudishia.

Nikaangalia daftari. Nikapiga Hijazi.

Fidla ya kwanza ikajaribu kunivuta, ikanipigia fa ya Bayati, tena na tena, waziwazi. Nikaongeza nguvu nikidhani yeye ndiye aliyepotea. Yule mama akageuka. Hakukasirika. Aliinua kiganja akakielekeza kwangu, taratibu, akaingia na sauti yake akiwa na ngoma za tari na dumbaki tu. Wimbo ule uliisha bila ya ganuni. Wanawake walinyanyuka kwenda kumtuza, noti za pesa zikapita mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa pale mbele ya ukumbi mzima, viganja vyote viwili nimevilaza juu ya nyuzi zisilie.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa ustadhi nikamweleza yote, tangu ile siku ya Rasti na Ajam. Nilitegemea anigombeze. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kwa nini hukunambia, mwanangu? Ningekupigia mpaka usiku."

Tulianza upya. Alinifumbisha macho akapiga mi ya Rasti na mi ya Ajam, akaniuliza ipi ni ipi, na nilipokosea aliipiga tena bila ya kuchoka, mpaka siku moja nikaisikia na nikalia. Lakini alikuwa ameshaanza kuumwa. Muda uliobaki ulikuwa mfupi, na tuliutumia kwa mambo ambayo ningeyamaliza mwaka wa kwanza. Alikuwa na taksimu zake za Saba ambazo sijapata kuzisikia kwa mtu mwengine. Hakuna aliyezichukua kwake. Huo mwaka nilioula kwa kuitikia ndio ambao ningezichukua mimi, na hilo linaniuma mpaka leo kuliko ukumbi ule.

Kwa hiyo mkiniona nawakatiza na kuwaambia "haya nipigie", si ukali. Walimu wenu ni watu wazima, baadhi yao wazee. Wakikuuliza umesikia na wewe hukusikia, sema hukusikia. Hata skulini kwangu niliacha kuridhika na darasa zima likiitika "tumefahamu". Namwita mmoja ubaoni anioneshe.

4. Pete za vidole vya shahada zijaribiwe nyumbani, si ukumbini: zikibana utatoka damu, zikilegea utapiga hewa.

5. Watu wa nyumbani waingizeni ndani ya jambo hili.

Naona wengi wenu mnajifunza kwa kujificha. Mnasema mna mkutano kazini. Mnafanya mazoezi ndani ya gari. Mmoja kaniambia mumewe anadhani ganuni imehifadhiwa kwake na jamaa. Msifanye hivyo. Ala hii inataka kupigwa kila siku, hata nusu saa, na nusu saa ya kila siku haifichiki ndani ya nyumba.

Mimi na mume wangu tulikaa chini tukapanga. Baada ya Isha, vyombo vimeoshwa, kazi za watoto za skuli zimekaguliwa, muda ule ni wangu. Usiku ambao mtoto anaumwa, muda ule ni wa mtoto, na hakuna anayelaumiwa. Kuna miezi niliyopiga kidogo sana kwa sababu ya mitihani ya taifa. Haidhuru. Kinachoua ni kuacha kabisa ukisubiri maisha yatulie, maana hayatulii.

Faida ya kupiga mbele ya watu wako hamuijui mpaka iwafikie. Binti yangu alikuwa bado mdogo, yuko jikoni anasuuza vikombe, mimi ukumbini nahangaika na Sika. Akapaza sauti: "Mama, hiyo siyo! Ile ya mwanzo ndiyo!" Hakujua jina la makamu hata moja. Alikuwa akitoka chuoni kila siku na sikio lake halijaharibiwa na kitu. Kwa muda mrefu yeye ndiye aliyekuwa mizani yangu: napiga, nanyamaza, nasubiri jikoni kutasema nini.

Mama mkwe wangu ni habari nyengine. Aliishi nasi, na hakupenda mke wa mwanawe apige ala harusini. Sitawadanganya kwamba alibadilika, kwa sababu hakubadilika. Lakini alipokuwa msichana alikaa barazani akizisikiliza nyimbo za kale kwenye santuri, na beti alizihifadhi zote. Nikikosea pahala pa kuingia hakuvumilia. "Hajamaliza kusema huyo, unamkatiza wa nini?" Yeye ndiye aliyenifundisha namba sita.

6. Jifunzeni mashairi kabla ya vidole.

Katika taarabu neno ndilo bwana, sisi wapigaji ni watumishi wake. Beti nyingi za nyimbo zetu za zamani ni za mizani 16 kwa mstari, nane na nane, na mwimbaji hupumua pale katikati. Pumzi ile ndiyo nafasi yako. Ukiujua ubeti kwa moyo utajua pumzi inakuja lini, utajua pia neno gani lina uchungu na halitaki mapambo juu yake. Asiyejua ubeti hupamba kila pahala. Nimewasikia mkipamba hata juu ya jina la Mola, na hapo nakasirika kweli.

Andikeni nyimbo kwa mkono, si kwa kupiga picha karatasi ya mwenzako. Msomeeni mtu mzima nyumbani, atawasahihisha vina.

7. Neno "nimechelewa" silitaki.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, binti wa watu wa shamba, akiuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911. Hesabu wenyewe alikuwa na umri gani. Hapo ndipo alipofundishwa na wanamuziki wa mjini kuimba pamoja na udi, na mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi nyimbo kwa Kiswahili, mwanamke wa kwanza wa pande zetu kufanya hivyo. Bi Kidude, naye mwimbaji wetu, alipokea tuzo ya WOMEX, maonesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, bibi kizee, na aliendelea kupanda jukwaani miaka kadhaa baadaye. Hata ganuni yenyewe inasimuliwa ilifika kwetu kwa sababu Sultani Barghash alimtuma mtu, Mohamed Ibrahim, aende Misri akajifunze muziki na arudi nao. Mtu alipanda meli kwenda kukaa mbele ya mwalimu. Nyinyi mnapanda daladala ya Mwanakwerekwe mpaka Darajani.

Ninachokubali ni kwamba kujifunza ukubwani kuna taabu yake. Vidole ni vizito na kichwa kimejaa ada za skuli na bili za umeme. Mtoto husahau aibu ya kukosea kabla ya chakula cha usiku, mkubwa hulala nayo. Lakini mkubwa anajua kwa nini amekuja. Nimewaona mkisikiliza, siku zile mnaposikiliza kweli, na hakuna darasa la watoto linalonyamaza namna ile. Kuna mmoja wenu, yule anayekaa dirishani, wiki iliyopita alirudia mstari mmoja wa bashrafu mpaka mlinzi akaja kufunga mlango. Huyo hana haja ya barua hii, namwomba tu apumzishe mkono wa kulia, anaukaza mno.

Jumatano nitakuwa darasani saa nzima kabla ya mwalimu kufika. Tutafanya Rasti na Ajam, mi dhidi ya mi, macho yamefumbwa, na anayetaka kuulizia jambo la somo la kwanza kabisa aje aulize. Njooni na nyuzi za akiba, hasa za juu, zimekatika nyingi mwezi huu na kabati la klabu limebaki na mbili.