Maswali ya Wasomaji: Pagliacci ni nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu, aliyekuwa karani bandarini, alituachia santuri kadhaa za Kimarekani. Mojawapo ina wimbo wa kundi la The Miracles kuhusu machozi ya chale, ambamo mwimbaji anasema anaficha huzuni yake kama alivyofanya Pagliacci. Wanangu wameniuliza huyo Pagliacci ni nani, nikakosa la kuwajibu. Je, aliwahi kuishi? Na mbona wimbo wa majonzi una muziki wa kuchezeka namna ile?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, Pagliacci si mtu. Ni neno la Kiitaliano, tena la wingi, linalowataja wachekeshaji wa jukwaani, nalo ndilo jina la opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, ya Ruggero Leoncavallo iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Milan tarehe 21 Mei 1892. Mhusika unayemtafuta anaitwa Canio, kiongozi wa kundi la waigizaji wanaozunguka vijiji vya kusini mwa Italia, na ni pale tu anapopanda jukwaani ndipo anapokuwa Pagliaccio, kwa umoja. Mtunzi wa wimbo wako alilichukua jina la mchezo akampa mtu, na hakuwa peke yake katika kosa hilo.

Muda mfupi kabla ya onyesho, Canio anagundua kuwa mkewe, Nedda, ana mpenzi. Hata hivyo watu wanakuja na onyesho haliahirishwi, ndipo anapoimba “Vesti la giubba”, yaani “vaa vazi la kazi”, akijiamuru apake unga usoni na kucheka, kwa kuwa watu wanalipa na wanataka kuchekeshwa. Mwimbaji wa Kiitaliano Enrico Caruso aliurekodi wimbo huo zaidi ya mara moja mwanzoni mwa karne ya 20, ukawafikia hata watu ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa opera.

Wengi huishia hapo, na ndiyo sababu hawamwelewi Canio. Mchezo anaokwenda kuucheza ni kichekesho cha mke anayemdanganya mumewe, yaani yale yale aliyotoka kuyaona kwa macho yake. Anaanza kuigiza, anashindwa, anapaza sauti kwamba yeye si Pagliaccio tena, kisha anamchoma kisu Nedda pamoja na Silvio, mpenzi wake, mbele ya watazamaji ambao kwa kitambo walikuwa wakisifu uigizaji wake. Kwa hiyo mtu anayetajwa na wimbo wa baba yako kuwa fundi wa kuficha huzuni ndiye hasa aliyeshindwa kuificha. Wimbo umechukua uso uliopakwa unga, kisu umekiacha.

Kuhusu muziki wa kuchezeka, sababu ni kwamba muziki ulitangulia maneno. Uliandaliwa na Stevie Wonder na Hank Cosby, kisha Smokey Robinson, mwimbaji wa The Miracles, akausikiliza, akaona unamkumbusha sarakasi, naye akaandika habari za chale anayelia. Ulitoka katika albamu ya mwaka 1967, lakini ulishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani mwaka 1970. Sisi tuliokulia katika taarab hatushangai: mara ngapi tumeinuka kutuza, tukicheza kwa madaha, ilhali maneno yanayoimbwa ni ya mtu aliyeachwa?

Opera ina mchekeshaji mwingine mwenye msiba, Rigoletto wa Giuseppe Verdi (Venice, 1851), lakini huyo ni kibiongo mwenye ulimi mkali katika jumba la mtawala, na kilio chake ni cha binti yake, si cha mke.

Wanao wakistaajabu kwamba uchekeshaji na huzuni vinakaa pamoja, watajie marehemu King Majuto wetu wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018. Jina lake la jukwaani ni neno la kujuta, nasi tulianza kucheka hata kabla hajafungua kinywa.

Na kama wanapenda muziki wa karibu zaidi na enzi zao, watafutie “It's a Hard Life” wa kundi la Queen, wa mwaka 1984. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, anaufungua wimbo huo kwa sauti iliyotokana na kilio cha Canio. Waambie wasikilize mwanzo kabisa, kabla piano haijashika njia yake.