Natumia methadoni na nimeposa: je, ni lazima nipime?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Nasoma chuo kikuu, kwetu Malindi. Hosteli nilianza kuvuta unga, baadaye nikajidunga, na sindano tulikuwa tukipokezana. Nimetubu, na kila asubuhi nanywa methadoni, dawa ya kunisaidia kuacha unga (heroini), hospitali ya Malindi. Barazani naambiwa nimeacha uraibu nikashika mwingine. Sasa nimeposa, na wenzangu chuoni wanasema kupima Ukimwi ni kujitangazia zinaa. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Mwanangu, Allah akuthibitishe.

Methadoni inatolewa hapo Malindi tangu 2015. Unapimiwa kipimo chako na kuinywa mbele ya mhudumu, nayo huzuia arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, kwa siku nzima bila kukulevya, ukaweza kusali na kusoma. Ni dawa, na anayeihitaji ana ruhusa ya dharura (Al-Baqara, aya ya 173). Usiiache ghafla kwa maneno ya barazani. Arosto ikikushika usiku, hao watakuwa wamelala majumbani mwao. Na wakumbuke yule Swahaba aliyeletwa mara kwa mara kwa ulevi, mtu mmoja akamlaani. Mtume (s.a.w.) alikataza asilaaniwe, akasema anampenda Allah na Mtume wake. Imo katika Bukhari.

Ama kupima, hapa nasema kwa mkazo, kwa kuwa vijana wengi wanaangamia kwa aibu hii. Zinaa haithibiti kwa dhana. Qur'ani imetaka mashahidi wanne, na anayesingizia bila hao ndiye anayepigwa viboko (An-Nur, aya ya 4). Karatasi ya maabara si shahidi. Sindano moja yenye damu ya mwenzako yatosha kukuambukiza, hata kama hujamgusa mwanamke.

Kwa hiyo kapime Ukimwi, na homa ya ini aina ya B na C pia. Ikiwa hujatimiza miezi mitatu tangu sindano ya mwisho, rudia ikitimia, maana mwanzoni virusi huweza kujificha. Ukikutwa na C, vidonge vya miezi michache huiponya kwa walio wengi. Ukikutwa na virusi vya Ukimwi, ukimeza dawa sawasawa hadi visionekane katika damu, hutamwambukiza mkeo kwa tendo la ndoa. Ndoa haijafungwa mlango.

Kilichofungwa mlango ni kuficha. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Madhambi uliyotubia usimsimulie mchumba wako, Allah amekusitiri. Lakini ugonjwa ukiwepo, ajue kabla ya akidi, naye akubali au akatae kwa hiari yake. Habari ya methadoni mwambie vilevile, kwani atakuona ukitoka kila asubuhi. Naye mwombe apime, muende pamoja, kabla familia hazijapanga siku ya nikaha.

Wallahu aalam.