Nyumba ya vyumba sita Chamazi kwa milioni 45: ninunue?

SWALI: Shikamoo mthamini. Mimi ni mwalimu Morogoro, sijawahi kununua nyumba ya biashara. Nina akiba ya milioni 38, na benki wako tayari kunikopesha milioni 7 kwa dhamana ya mshahara, riba 16%. Dalali amenipeleka Chamazi, Dar es Salaam, kuona nyumba ya vyumba sita vya kupangisha. Bei milioni 45. Anasema kila chumba ni 50,000 kwa mwezi, hakuna kinachokaa wazi, na kuna mteja mwingine anakuja Jumatatu na hela mkononi. Karatasi iliyopo ni ya serikali ya mtaa, hati "inafuatiliwa". Nitajuaje kama ni dili au nauziwa mbuzi kwenye gunia?

JIBU: Marahaba mwalimu. Huyo mteja wa Jumatatu namfahamu. Miaka yote niliyofanya uthamini amekuwa akija Jumatatu, na sijawahi kumwona akifika. Tumweke pembeni, tushike kalamu.

Hesabu ya dalali ni hii: vyumba sita mara 50,000 mara miezi 12, milioni 3.6. Gawa kwa milioni 45, unapata 8%. Wengi hutoa hela hapo hapo. Wewe rudi Chamazi Jumamosi asubuhi, wanawake wakiwa uwani wanafua, bila dalali. Jifanye unatafuta chumba. Uliza kodi ni kiasi gani, wanalipa ya miezi mingapi, na chumba kile cha pembeni kina muda gani hakina mtu. Nyumba yangu ya kwanza niliinunua kwa kuongea na mwenye nyumba peke yake, tumekaa sebuleni, soda mezani. Mvua za masika zilipoanza ndipo nikajua shimo la choo linajaa kila baada ya wiki chache, na anayeita gari la majitaka ni mimi. Wapangaji walikuwa wanajua siku zote. Sikuwauliza.

Ukiwa hapo uwani angalia mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla. Mita moja kwa vyumba sita ni ugomvi wa kila wiki: mwenye friji na mwenye taa moja wanachanga sawa, na anayechoka anahama. Kisha pita nyuma, palipo na pipa la maji, utazame ukuta. Mstari wa udongo unaofika magotini ni kumbukumbu ya mafuriko. Ukikuta rangi mpya sehemu ya chini tu na juu rangi ya zamani, umeshajibiwa. Na kama kuna mto au bonde karibu, pima kwa hatua: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wakumbuke wa bonde la Msimbazi waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011.

Sasa turudie hesabu. Chukulia umeambiwa kodi halisi ni 45,000, na kwa wastani vyumba vitano ndivyo vyenye watu. Hiyo ni milioni 2.7 kwa mwaka. Toa kuvuta choo, bati na kitasa, kodi ya jengo (hii inakatwa kwenye LUKU tangu 2021), na mtu wa kukusanya kodi maana wewe uko Morogoro. Tuseme laki sita. Imebaki milioni 2.1. Na nyumba haikugharimu 45: ongeza mwanasheria, ushuru wa stempu 1%, nauli zako, na dalali ambaye atakudai hata kama muuzaji ameshamlipa. Weka 47. Mapato yako halisi ni kama 4.5%.

Unataka kukopa kwa 16% ununue kitu kinachokupa 4.5%. Riba ya ile milioni 7 peke yake, mwaka wa kwanza, inaweza kumeza karibu nusu ya kodi iliyobaki. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 (unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba), hata baada ya riba yake kushushwa mwaka 2022 kutoka 15.95% hadi 12.56%, haikuhitaji mtu kuvuta choo. Sisemi uache nyumba ukanunue hatifungani. Nasema hicho ndicho kipimo.

Kwa hiyo anza na kodi, ndiyo ikupe bei. Kama unaridhika na 8% halisi, milioni 2.1 inabeba gharama ya jumla ya milioni 26, yaani bei isiyozidi 24 hivi. Muuzaji atacheka, na pengine ana haki, kwa sababu anauza pia ardhi, na ardhi hupanda. Basi nenda ofisi ya serikali ya mtaa uulize viwanja vya jirani vimeuzwa shilingi ngapi mwaka huu. Wao ndio mashahidi wa mauziano, wanajua bei zilizolipwa. Bei zinazotajwa na madalali ni matumaini tu. (Bei iliyoandikwa kwenye mkataba nayo huwa imepunguzwa kwa ajili ya kodi, uliza kwa mdomo.)

"Hati inafuatiliwa" maana yake kwenye daftari la Msajili wa Hati hakuna kitu cha kupekua. Omba mchoro wa mipango miji uliopitishwa, namba ya kiwanja, na uoneshwe bikoni, yale mawe ya mipaka, kwa macho. Kama mwenye nyumba ana mke au mume, ridhaa ya mwenzi iwe ya maandishi. Kama ni mirathi, anayesaini ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, si kaka mkubwa.

Umeuliza pia, bila kuuliza, dili zinapatikana wapi. Minada ya benki iache kwanza: utadaiwa 25% papo hapo, kilichobaki kwa kawaida ndani ya siku 14, halafu unakuta familia ndani na zuio la mahakama. Mimi ningetafuta pagale Morogoro hapo hapo unapoishi, ndani ya kiwanja kilichopimwa, ambalo ujenzi wake umesimama kwenye linta (usawa wa juu ya madirisha) kwa sababu mwenyewe amehamishwa kikazi. Yeye kachoka kulipia mlinzi na wewe unaweza kupita kila jioni ukitoka shule. Ona kumi kabla ya kutoa bei kwa moja.

Ukirudi Chamazi, niletee kodi waliyokutajia wapangaji na namba ya kiwanja, kama ipo. Tutaanzia hapo.