Maswali ya Wasomaji: Mwanasosholojia katika utafiti wa mazingira

SWALI: Ndugu Mhariri, nina shahada ya kwanza ya sosholojia na nataka kuwa mhadhiri anayetafiti upande wa jamii katika uendelevu wa mazingira. Je, nirudi nikasome sayansi ya mazingira? Pia andiko langu la uzamivu, "Jamii na mabadiliko ya tabianchi", limerudishwa kwa madai kwamba ni pana mno. Nifanyeje?

JIBU: Usianze upya. Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikuwa mwanasayansi wa siasa. Tasnifu yake ilihusu usimamizi wa maji ya ardhini huko California. Baki na fani yako, uongeze ujuzi mmoja tu wa jirani, kama takwimu au uchoraji ramani kwa kompyuta. Idara nyingi hutangaza nafasi kwa fani zake, na jopo la ajira litauliza kama unaweza kufundisha sosholojia ya mwaka wa kwanza. Mwenye kugusagusa kila fani hukwama hapo. Msimamizi wako mkuu awe mwanasosholojia. Wa pili ndiye awe mwanaikolojia au mtaalamu wa maji.

Andiko lako lina mada, halina swali. Taja watu gani, rasilimali gani, uamuzi gani, kipindi gani. Mfano: kwa nini baadhi ya vikundi vya umwagiliaji hudumisha zamu za maji wakati wa ukame, ilhali vingine husambaratika? Swali la namna hii hukuelekeza lenyewe kwenye data: daftari za zamu, kumbukumbu za mikutano, mahojiano na waliojitoa (hawa husahaulika mno, na mara nyingi ndio wanaojua kilichoharibika).

Ukitumia dodoso, usinakili tu ile idadi ya watu 385 inayotajwa sana kuwa ukubwa wa sampuli. Hiyo ni ya sampuli nasibu sahili (kila mtu huteuliwa moja kwa moja kwa bahati nasibu, kwa nafasi sawa), kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na ukingo wa makosa wa asilimia 5. Ukiteua vikundi kwanza, kisha watu ndani yake, majibu ya wanakikundi huelekea kufanana, hivyo kila mtu wa ziada anakupa taarifa pungufu. Athari ya muundo (yaani sampuli izidishwe mara ngapi kufidia kufanana huko) ikiwa 2, utahitaji watu wapatao 770. Wahakiki hulinasa kosa hili upesi.

Kibali cha maadili kitangulie mahojiano ya kwanza. Kwa kawaida kamati haziidhinishi data iliyokwisha kukusanywa, na majarida mengi huikataa. Ruhusa ya kiongozi wa kikundi nayo haitoshi: kila mhojiwa aridhie mwenyewe, na ajue anaweza kujitoa.