Difu ya Morris Minor inavuja na kuvuma: usikimbilie kuibadilisha

Mkuu, nimekusoma. Morris Minor 1000, inavuma ukivuka kilomita 60 kwa saa, breki ya nyuma kushoto imelowa oili, na fundi ameshakuambia utafute difu nyingine (ile seti ya gia katikati ya ekseli ya nyuma). Hebu subiri kidogo. Mimi ninayo ya 1963 na mgongo wangu unaijua ekseli yake kuliko godoro. Difu za gari hizi ni ngumu kufa. Kinachoziua ni kukauka oili, na oili huondoka tone kwa tone kwa sababu ambazo mara nyingi hazina uhusiano wowote na gia.

Yalinikuta haya haya, tena upande huo huo wa kushoto. Nikatoa habu (kitovu cha gurudumu), nikaweka sili mpya, ule mpira wa kuzuia oili, nikaosha dramu, nikajipongeza. Wiki 3 baadaye oili hiyo, inachuruzika ndani ya ringi. Nikabadilisha tena huku nikimlaani aliyeniuzia sili, nikiamini ni feki. Ikavuja tena. Siku moja nimerudi safari ndefu, ekseli ya moto, nikafungua plagi ya kujazia ili nitazame kimo cha oili. Ikatoa pumzi, fsss, kama chupa ya soda! Pale ndipo akili ikanijia. Juu ya bomba la ekseli kuna tundu dogo la kupumulia, na mtu aliyewahi kupuliza rangi nyeusi ya kuzuia kutu chini ya gari alilipaka nalo likaziba kabisa. Ekseli ikipata joto hewa ya ndani inatanuka, inatafuta njia, na njia rahisi kuliko zote ni mdomo wa sili. Hata ungeweka sili ya dhahabu ingevuja. Nilizibua kwa waya mwembamba na dizeli, nikaweka sili ya tatu, na hiyo ndiyo ipo mpaka leo.

Kwa hiyo anza na hilo tundu. Ni kazi ya dakika 5. Likiwa limeziba, umeshapata nusu ya jibu.

Halafu kimo cha oili. Gari lisimame pale palipo sawa, si limeinuliwa upande mmoja kwa jeki. Nililifanya kosa hilo nikiwa mgeni, nikajaza kupita kiasi, na oili iliyozidi nayo inatafuta pa kutokea. Fungua plagi ya kujazia, iliyo nyuma ya difu, KABLA hujagusa ya chini ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ile ya juu ikagoma kwa kutu, utabaki na gari lisiloweza kwenda popote. Mwaga oili ikiwa ya moto ili itoke na uchafu wake. Chukua ile iliyoganda kwenye plagi uisugue katikati ya vidole. Tope laini la kijivu lisikutishe, ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Ukihisi chembe, au ukaona vipande vinavyometa, hapo mwite fundi wako mzungumze vizuri.

Ekseli hii haili hata lita 1, kwa hiyo usibane matumizi. Weka oili ya gia yenye unene wa 80W-90 na daraja la GL-5, yaani ya gia zinazobanana sana. Pinioni ya difu hii (gia ndogo inayozungushwa na propela) imekaa chini ya kitovu cha kraunwili (gia kubwa inayozungusha magurudumu), kwa hiyo meno hayasukumani tu, yanasuguana kwa kuteleza, na oili nyepesi ya gia za kawaida inabanwa ikatoka katikati yao. Ila usiifanye hiyo kuwa sheria ya kila gari la zamani. Ukija kumiliki Peugeot 404, difu yake ni ya skrubu inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, na viungo vya salfa vilivyo kwenye oili kali vinaweza kuila shaba hiyo. Fuata kitabu cha gari lenyewe.

Sasa mvumo. Kwanza ondoa shaka ya matairi: pita kwenye lami laini, kisha kwenye lami ya kokoto. Sauti ikibadilika kufuata barabara, ni matairi, difu haina kosa. Isipobadilika, kanyaga mafuta usikilize, halafu achia usikilize. Mvumo unaokuja ukivuta na kupotea ukiachia (au kinyume chake) unatoka kwenye meno ya kraunwili na pinioni. Unaobaki vilevile na kupanda na mwendo ni beringi. Ili ujue ya upande gani, yumbisha gari polepole kushoto na kulia pale pasipo na magari mengine: ukikata kulia uzito unalalia kushoto, na beringi mbovu ya kushoto itapiga kelele zaidi. Beringi za pinioni zina sauti nyembamba zaidi, kwa sababu pinioni inazunguka zaidi ya mara 4 gurudumu likizunguka mara 1. Na kama kuna kishindo ukiachia klachi, kagua krosi (viungo) za propela, shafti inayotoka gia boksi kwenda difu, na yubolti (bolti za umbo la U) za springi kabla ya kuisingizia difu.

Kwa ulivyoeleza, mimi ningeweka beringi ya habu ya kushoto mbele ya orodha. Ukiifungua, weka magogo kwenye magurudumu ya mbele na gari likae kwenye stendi. Handbreki inashika ya nyuma tu, na hayo ndiyo umeyanyanyua. Toa dramu, toa skrubu inayoshika flenji ya hafshafti (shafti inayozungusha gurudumu), ivute shafti polepole. Nyoosha sikio la wosha inayofunga nati kubwa. Hapa tulia: nati ya upande wa kushoto ina nyuzi za kinyume, inafunguka kwa kuizungusha kulia. Nimeona mtu mzima ananing'inia kwenye bomba la futi 4 akizidi kuikaza.

Pitisha ukucha pale sili inapokaa. Ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya peke yake haitasaidia. Isukume ikae milimita 1 au 2 mbali na mfereji ule kama nafasi ipo. Weka gasketi mpya ya karatasi na ringi mpya ya mpira kwenye flenji, ni vitu vidogo lakini navyo huvujisha. Shuu zilizolowa oili usizikaange wala kuziosha kwa petroli, tupa, na ubadilishe pande zote 2, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukifunga breki.

Nati ya pinioni usiiguse kwa sasa. Mkazo wake ndio unaoshikilia beringi za pinioni, na kuna watu wamezalisha mvumo ambao haukuwepo kwa kutaka tu kubadilisha sili ya mbele. Ikifika huko, tia alama kwa senta panchi kwenye nati na kwenye ncha ya shafti kabla ya kufungua, uirudishe pale pale.

Anza na waya kwenye lile tundu, kisha utuambie ulichokuta kwenye plagi ya chini.